Mota ya Mtumba Inafaa Mashine Gani? Kuitambua, Kuipima na Kuifunga Katika Karakana ya Nyumbani

Muuza chuma chakavu huitazama mota kwa uzito, maana shaba iliyo ndani ndiyo fedha yake. Mnunuzi naye huuliza ni HP (nguvu farasi) ngapi. Kwa mtu anayetaka kujitengenezea msumeno wa meza, drili ya kusimama, mashine ya kukereza mbao au ya kunolea, maswali hayo mawili hayatoshi. Chukua mota mbili za HP 1, moja ya pampu ya maji na nyingine ya mashine ya kufulia. Ya pampu huzunguka mara 2,850 kwa dakika na hubaki karibu na hapo muda wote. Ya kufulia, ikiwa ni ya kaboni (yenye vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) na ikaachwa bila mzigo kwenye umeme kamili, hupita mara 15,000 na kuendelea kupanda hadi kitu kipasuke. Ukichanganya mambo hapo, hakuna bolti imara wala waya mnene utakaokuokoa.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuijua aina ya mota, kisha mwendo wake, kisha nguvu yake ya kuanzia. HP huja ya nne. Ukishayajua hayo, mota yenyewe itakuambia iwe mashine gani, na ni vizuri kuisikiliza.

Soma kibati kwanza

Futa vumbi na grisi mpaka kibati cha mota kisomeke. Anza na volti na hezi. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Kenya ni 240, na kote ni hezi 50. Kibati kilichoandikwa 220 V, 50 Hz hakina shida. Kikiwa na 115 V, 60 Hz, hiyo ni mota ya soko la Marekani, na ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza. Zipo zinazoandikwa 115/230, ambazo koili zake huunganishwa upya kwa kufuata mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko cha nyaya. Hata hizo, kwenye hezi 50 mwendo wake hupungua kwa moja ya sita, kutoka 1,725 hadi karibu 1,430, na joto huongezeka kwa sababu chuma cha stata, sehemu ya nje isiyozunguka, hujaa sumaku kupita kiasi. Zinafaa kwa kazi za dakika chache zenye mapumziko.

Halafu angalia mwendo. Mota ya induksheni, yaani isiyo na kaboni, hufuata hezi za umeme na idadi ya ncha za sumaku zilizofumwa kwenye koili: zidisha hezi kwa 120, gawanya kwa idadi ya ncha. Kwa hezi 50, ncha 2 hutoa 3,000, ncha 4 hutoa 1,500, ncha 6 hutoa 1,000. Rota, sehemu inayozunguka, huchelewa kidogo nyuma ya sumaku, ndiyo maana kwenye kibati utasoma 2,800 hadi 2,900, au 1,400 hadi 1,450, au 900 na kitu.

Namba inayostahili kuaminiwa kuliko HP ni amp. HP moja ni wati 746 kwenye shafti, na kwa umeme wa njia moja (ule wa kawaida wa nyumbani) wa volti 230 mota ya HP 1 huvuta takriban amp 5 hadi 7. Kibati kinachodai HP 3 huku kikionyesha amp 6 kimetiwa chumvi. Tafuta pia alama ya S1, yaani mota imeundwa kufanya kazi mfululizo. S2 ni kazi ya muda mfupi, S3 ni kazi ya kukatika-katika. Mota ya mashine ya kufulia au ya kukimbilia (tredimili) mara nyingi haina S1, na hilo litakuja kujitokeza kama joto.

Aina utakazokutana nazo

Ya kwanza, na ndiyo tunayoipendekeza kwa karibu kila mashine ya karakana ndogo, ni mota ya induksheni ya njia moja yenye kapasita. Haina kaboni, haitoi cheche kwenye rota, na mwendo wake hautikisiki. Ndani ya jamii hii kuna watoto wawili wasiofanana. Mmoja ana kapasita ya kuanzia, kubwa, ya mikrofaradi 100 hadi 300 hivi, na swichi ya ndani inayofunguka mota ikishika kasi. Huyu huanza na mzigo bila kulalamika, kwa hiyo anafaa kompresa, msumeno, hata mashine ya kusaga. Wa pili ana kapasita ndogo tu ya mikrofaradi 8 hadi 40, inayobaki kwenye mzunguko muda wote. Huyu huanza kinyonge. Mota nyingi za pampu ndogo za maji na za mashine za kufulia zenye matundu mawili ni za namna hii. Mpe kazi inayoanza ikiwa nyepesi: jiwe la kunolea, msasa wa sahani, feni ya kuvuta vumbi. Ukimfunga kwenye kompresa yenye hewa ndani, atavuma bila kuzunguka na koili zitaungua.

Mota ya pampu ina jambo moja ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa: katika pampu nyingi ndogo, kipande cha chuma kinachoshika upande wa maji ndicho pia kinachoshika beringi ya mbele. Ondoa propela na sili, lakini kipande hicho kibakize. Na beringi hiyo ya mbele ibadilishe tu bila kujiuliza, kwa sababu sili ikivuja maji huanza kuila hiyo.

Aina ya pili ni mota ya kaboni inayotumia umeme wa kawaida, ile ya mashine za kufulia zinazopakiwa kwa mbele. Ni nyepesi, ina nguvu nyingi kwa ukubwa wake, na huzunguka pande zote mbili kwa sababu pipa la nguo huzunguka pande zote mbili. Udhaifu wake ni kwamba mwendo hutegemea mzigo: mzigo ukipungua mwendo hupanda bila kikomo cha maana. Kibadilisha mwendo cha kawaida, kama cha kupunguzia mwanga wa taa, huishusha kasi lakini huidhoofisha papo hapo ukigusa kazi. Mota hizi zina kifaa kidogo nyuma ya shafti, tako, kinachotoa umeme mdogo kulingana na mwendo. Kidhibiti kinachosoma tako, kama vile vilivyojengwa kwa saketi ya TDA1085, huongeza umeme mzigo unapoongezeka na mwendo ukabaki palepale. Bila kidhibiti cha namna hiyo, ni bora mota hii uiache.

Kumbuka pia kwamba imeundwa wazi ili hewa ipite. Karakana ya mbao ina unga wa mbao, na kaboni hutoa cheche. Karakana ya chuma ina vumbi la chuma, linalopitisha umeme. Vyote viwili huingia ndani. Ikiwa utaitumia, iweke mbali na mahali chembe zinaporuka, nyuma ya ukuta wa plaiwudi wenye njia ya hewa safi kutoka upande mwingine.

Ya tatu ni mota ya mashine ya kukimbilia. Ina sumaku za kudumu na hutumia umeme wa moja kwa moja, mara nyingi kati ya volti 90 na 180. Kwa mashine ya kukereza ni mota nzuri sana, kwa sababu ina nguvu hata kwenye mwendo mdogo. Nunua pamoja na bodi yake ya umeme kama ipo. Kuitafuta baadaye ni gharama. Usiichomeke kwenye umeme wa ukutani uliopita kwenye daraja la daiodi na kapasita kubwa, maana volti 230 zikishalainishwa hivyo hufika karibu 325. Jambo jingine: gurudumu zito lililo mbele ya shafti mara nyingi limefungwa kwa uzi wa kushoto. Ukigeuza mota izunguke kinyume na ilivyozoea, linaweza kujifungua lenyewe likiwa kwenye kasi. Lichunguze kabla ya kugeuza.

Ya nne ni mota ya njia tatu, ambayo ina sehemu yake chini. Mota za blenda na za kufyonza vumbi usizihangaikie. Kompresa ya friji imefungiwa ndani ya chungu pamoja na mafuta na gesi yake. Huwezi kutoa shafti humo.

Nyaya nyingi, maana gani?

Chukua multimita, weka kwenye omu, kipimo cha chini kabisa. Gusanisha kwanza vijiti vyake vyenyewe kwa vyenyewe na uondoe hiyo namba kwenye kila kipimo.

Mota ya induksheni ya njia moja hutoa nyaya tatu au nne. Kwa nyaya tatu, pima kila jozi. Tuseme umepata omu 4, omu 7 na omu 11. Jozi yenye namba kubwa, 11, ni koili zote mbili zikiwa zimefuatana. Waya ambao haumo kwenye jozi hiyo ndio wa pamoja. Kutoka waya wa pamoja, omu 4 ni koili ya kazi na omu 7 ni ya kuanzia. Umeme huingia kwenye waya wa pamoja na wa koili ya kazi, na kapasita husimama kati ya waya wa koili ya kazi na wa koili ya kuanzia.

Ukikuta jozi mbili zinalingana na ya tatu ni mara mbili yake, kwa mfano 20, 20 na 40, hiyo ni mota ya tundu la kufulia la mashine ya matundu mawili. Koili zake ni pacha, na kuhamisha umeme kutoka mguu mmoja wa kapasita kwenda mwingine hubadilisha uelekeo. Ukikuta jozi zote tatu zinalingana kabisa, simama hapo. Hiyo ni ya njia tatu, au ni ya mashine mpya ya kufulia inayoendeshwa na bodi ya elektroniki, na hii ya pili haiwezi kuchomekwa ukutani kwa namna yoyote.

Mota ya kaboni ya kufulia huwa na nyaya sita au zaidi kwenye soketi moja. Fuata kwa macho nyaya mbili zinazokwenda kwenye kaboni. Zungusha shafti taratibu na omu zitayumba, kwa kawaida kati ya 1 na 5. Jozi nyingine yenye omu chache zisizoyumba ni koili ya stata. Kukiwa na nyaya tatu za stata, moja ni ya katikati, ya mwendo wa kukamulia nguo. Chukua mbili za mwisho, ambazo omu zake ni nyingi zaidi, upate mwendo mdogo zaidi. Jozi yenye makumi au mamia ya omu ni tako. Usiitie umeme kamwe, itaungua mara moja. Mara nyingine kuna jozi ya sifuri kabisa: hiyo ni kinga ya joto, na ni busara kuiunganisha kwenye mfululizo wa umeme wa mota.

Ili izunguke, unganisha ncha moja ya stata na kaboni moja. Ncha ya pili ya stata na kaboni ya pili ndizo zinazopokea umeme. Kubadilisha uelekeo, badilishana nyaya mbili za kaboni tu. Ukigeuza plagi hakuna kitakachobadilika. Jaribio la kwanza lifanye kwa betri ya gari ya volti 12. Mota hii hukubali umeme wa betri, itazunguka polepole, na utaona kama kaboni zinakaa sawa bila hatari ya umeme wa ukutani.

Kabla ya kuitia umeme wa ukutani

Zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza au ikiwa na mchezo wa juu na chini, beringi zimekwisha. Namba imechorwa kwenye beringi yenyewe: 6202 ina tundu la milimita 15, 6203 milimita 17, 6204 milimita 20. Chukua zenye herufi 2RS, zilizofunikwa kwa mpira pande zote mbili, kwa sababu vumbi la karakana ni adui wa beringi iliyo wazi. Unapoipigilia mpya, sukuma pete ya ndani kwa bomba linaloenea shafti. Ukigonga pete ya nje, gololi huchora mashimo madogo na baada ya wiki chache kelele hurudi.

Nusa koili. Harufu ya kuungua na varnishi nyeusi inayovunjika ni sababu ya kutosha ya kuiacha. Varnishi mpya kabisa kwenye mota kuukuu maana yake imefungwa koili upya, na hapo kibati si cha kuaminika tena. Fundi anaweza kuwa ametumia waya mwembamba zaidi.

Kipimo muhimu kuliko vyote ni kati ya koili na mwili wa chuma wa mota. Multimita itaonyesha kama kuna mguso wa wazi, lakini haina volti za kutosha kugundua kihami (kinachozuia umeme wa koili usivuje) kilicholowa au kilichochoka. Mpelekee fundi umeme mwenye mega, kipima kihami, ya volti 500. Chini ya megaomu 1 usiiwashe. Mota iliyokaa kwenye ghala lenye unyevu, hasa miji ya pwani kama Tanga, Mombasa au Unguja, mara nyingi hushindwa kipimo hiki kwa maji tu: ifungue, iache juani siku kadhaa au uweke balbu ya wati 60 ndani ya stata usiku kucha, kisha pima tena. Ikipanda juu ya megaomu 1 na kuendelea kupanda kadiri inavyokauka, imepona. Ikikwama chini, kihami kimekufa.

Kapasita huhifadhi umeme baada ya kuzimwa. Iondolee chaji kwa kuigusanisha na miguu ya balbu ya wati 60, kisha ipime. Ikiwa imepungua zaidi ya asilimia 10 chini ya namba iliyoandikwa, badilisha. Ya kudumu iwe ya volti 450. Wengine huweka kapasita ya kuanzia mahali pa ile ya kudumu. Ya kuanzia imeundwa kwa sekunde chache. Ikiachwa kwenye umeme huvimba na kupasuka.

Mota ikivuma bila kuzunguka, zima upesi. Ikiwa ukiipa msukumo wa puli kwa kipande cha mti hushika kasi yenyewe, koili ya kazi ni nzima na shida iko kwenye kapasita, swichi ya ndani au koili ya kuanzia. Kwenye mota yenye swichi ya ndani, unapozima utasikia mlio mdogo wa "tak" inapokaribia kusimama. Mlio huo usiposikika kabisa, swichi imeganda. Ikiwa imeganda ikiwa imefunga, koili ya kuanzia itaungua muda mfupi baada ya kuwasha.

Hesabu ya puli

Mwendo wa mota ukizidishwa kwa kipenyo cha puli yake ni sawa na mwendo wa mashine ukizidishwa kwa kipenyo cha puli ya mashine. Mota ya 1,420 yenye puli ya milimita 75, ikizungusha puli ya milimita 150, hutoa 710. Huo ni mwendo mzuri wa kutoboa chuma laini kwa kekee ya milimita 10 hadi 12. Kekee ya milimita 6 hutaka karibu 1,300.

Mashine ya kukereza inahitaji mwendo zaidi ya mmoja. Kanuni rahisi: kipenyo cha kipande kwa milimita, kikizidishwa kwa mwendo, kikae kati ya 150,000 na 230,000. Bakuli la milimita 150 lizungushwe kati ya 1,000 na 1,500, na kipande kisicho duara bado kianze chini ya hapo. Mota ya 1,420 ikiwa na puli ya 75, kwa puli za 150, 100 na 75 upande wa pili, inakupa 710, 1,065 na 1,420. Hapo ndipo mota ya ncha 4 inapoizidi ile ya ncha 2. Ukianza na 2,850, ili ufike 710 utahitaji puli ya milimita 300, au mhimili wa pili katikati, na kila mkanda unaoongeza ni mtetemo unaouongeza.

Msumeno ni kinyume. Meno ya sahani ya mbao hupenda kwenda mita 50 hadi 70 kwa sekunde. Sahani ya milimita 250 kwenye 2,850 hupata mita 37 tu, hukata kwa kuchoma. Puli ya 100 kwenye mota na ya 71 kwenye msumeno huleta karibu 4,010, sawa na mita 52.5. Kabla ya kufanya hivyo soma mwendo wa juu ulioandikwa kwenye sahani yenyewe, na usiuvuke.

Mkanda wa aina A, wa upana wa milimita 13, haupendi puli ndogo kuliko milimita 71 hadi 75. Ukiukunja zaidi hupasuka upande wa ndani na kuteleza. Wa milimita 10 huvumilia puli ya 50. Kwa HP 1, mkanda mmoja wa A na puli ya 75 vinatosha. Ukifika HP 2, panda hadi puli ya 100. Ukazaji: bonyeza katikati kwa kidole gumba, mkanda ushuke takriban milimita 6 kama umbali kati ya puli ni milimita 400. Kukaza kupita hapo hakuongezi nguvu, kunaua beringi ya mbele. Mota iweke kwenye bamba lenye matundu marefu ili iweze kusogea, na puli zilinganishe kwa rula ndefu ya chuma inayogusa nyuso zote mbili.

Jiwe la kunolea

Hapa hatutakubali mjadala. Mawe mengi ya kawaida yana kikomo cha mita 35 kwa sekunde. Jiwe la milimita 150 hufika kikomo hicho kwenye mwendo wa karibu 4,450. Kwenye mota ya 2,850 lipo mita 22, salama. Lifunge kwenye mota ya kaboni ya kufulia, likafika 10,000, ni mita 78 kwa sekunde: jiwe hupasuka, na vipande huruka kuelekea aliyesimama mbele. Kidhibiti cha mwendo si kinga, kwa sababu waya wa tako ukikatika vidhibiti vingi huongeza umeme vikidhani mota imesimama. Mota ya kaboni usiipe jiwe kabisa.

Kwenye mota ya induksheni, ning'iniza jiwe na uligonge kwa mpini wa bisibisi. Lilie kama kengele. Likitoa sauti iliyokufa lina ufa. Sahani mbili za chuma zinazolibana ziwe na kipenyo kinacholingana, angalau theluthi ya kipenyo cha jiwe, na ule mduara wa karatasi unaokuja na jiwe ubaki. Jiwe la upande wa kushoto hufungwa kwa nati ya uzi wa kushoto, vinginevyo litajifungua mota inapoanza. Weka kinga ya chuma, na pengo kati ya jiwe na mahali pa kuegemezea kazi lisizidi milimita 3. Unapowasha mara ya kwanza simama kando kwa dakika nzima.

Mota ya njia tatu kwenye nyumba ya njia moja

Mota hizi ndizo zilizo imara kuliko zote na mara nyingi bei yake ni nafuu, kwa kuwa wengi nyumbani hawana umeme wa njia tatu. Kibati ndicho kinachoamua. Kikisema 230/400 au 220/380, unganisha kwa delta (koili tatu zikifungwa kama pembetatu) na itafanya kazi kwa volti 230. Kikisema 400/690, hiyo delta yake inataka volti 400, iache.

Njia nzuri ni inveta ya mota inayopokea njia moja na kutoa njia tatu. Ukiinunua unapata pia mwanzo laini, kubadilisha uelekeo, na mwendo unaopangika, na mashine ya kukereza haitahitaji tena kuhamisha mkanda kila mara. Ingiza amp za kibati kwenye mipangilio yake. Usiweke swichi kati ya inveta na mota, kwa sababu kuikata ikiwa na mzigo huharibu inveta. Tumia vitufe vya inveta yenyewe. Chini ya hezi 25 feni ya mota huwa haipulizi vya kutosha, usikae hapo muda mrefu.

Njia ya bei nafuu ni kapasita ya kudumu, takriban mikrofaradi 70 kwa kila kilowati, kutoka waya mmoja wa umeme kwenda kwenye ncha ya tatu. Utapata karibu asilimia 70 ya nguvu, na mwanzo dhaifu. Inatosha kwa msasa au jiwe.

Umeme unapokatika na kurudi

Umeme ukikatika ukiwa katikati ya kupasua ubao, mtu huondoka, mtoto anasogea, umeme unarudi, na msumeno unaanza wenyewe. Swichi ya kawaida ya ukutani haizuii hilo. Weka swichi ya mota yenye kontakta: umeme ukiondoka huachia, na haiwashi hadi mtu abonyeze kitufe. Ongeza ovalodi, kinga inayokata umeme mota ikivuta kupita kiasi, iliyowekwa kwenye amp za kibati. Kwa msumeno, kontakta hii ni ya lazima kama sahani yenyewe.

Mota ya hadi HP 1 inaweza kutumia plagi ya amp 13. Kuanzia HP 1.5 vuta laini yake kutoka kwenye ubao wa fyuzi: waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya aina C ya amp 16 au 20, kwa sababu mota inapoanza huvuta mara 5 hadi 7 ya amp zake za kawaida na breka ya aina B hukata bila sababu. Waya wa ardhi ufungwe kwenye bodi ya mota na kwenye fremu pia; mkanda wa mpira hautaunganisha hivyo viwili kwa niaba yako.

Volti zikishuka, nguvu ya kuzungusha hushuka kwa mraba wake. Kwenye 190 badala ya 230 unabaki na asilimia 68. Mota iliyoanza vizuri asubuhi ikikataa saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha, pima volti kwenye plagi mota inapojaribu kuanza kabla hujalaumu kapasita. Waya mrefu na mwembamba wa kuongezea huleta tatizo hilohilo.

Saa ya kwanza

Iwashe bila mkanda na upime amp kwa klampu. Mota ya njia moja huvuta nusu hadi robo tatu ya amp za kibati hata bila mzigo, hilo ni la kawaida. Ikivuta sawa na kibati au zaidi bila mzigo, kuna koili zilizogusana au rota inasugua. Funga mkanda, fanya kazi nyepesi dakika 20, zima na utoe plagi, kisha gusa bodi kwa nyuma ya mkono. Joto linalokufanya uondoe mkono haraka kwa mota ya induksheni bado linaweza kuwa ndani ya uwezo wake, maana kihami cha daraja B huvumilia nyuzi 130 kwenye koili; joto lililokusanyika mahali pamoja, hasa kwenye beringi ya mbele, ni mkanda uliokazwa mno. Legeza, linganisha puli tena, rudia dakika 20 nyingine, kisha kaza bolti zote nne za miguu upya, kwa kuwa mtetemo wa mwanzo huzilegeza.